Jogoo Chini ya Shuka

Wasikilizaji wapendwa, punguzeni kelele za watoto, ongezeni sauti ya redio. Tumekusanyika tena kumkumbuka mtu. Leo tunamkumbuka muuguzi wa wodi ya wanawake, ambaye hospitali nzima ilimwita Mama Shuka.

Sauti mnayoisikia si ile mliyoizoea. Mtangazaji wenu wa kila wiki, yule mwenye sauti nzito inayowatoa machozi hata anaposoma utabiri wa hali ya hewa, aliambiwa kwamba marehemu wa leo alikuwa mwandaaji wa maiti. Alianza kukohoa papo hapo. Hakuwa na mafua wala homa. Amenikabidhi kipaza sauti mimi, niliyetoka shule ya bweni majuzi tu, na sasa yuko nje kwenye korido. Namwona kupitia kioo. Anakunywa soda. Kikohozi kimepona. Tumwombee asirudiwe.

Basi tuanze. Mama Shuka alikuwa muuguzi. Kwa siku ya kawaida kazi yake ilikuwa kama ya wauguzi wenzake: kugawa dawa, kusafisha vidonda, kumgeuza mgonjwa asilalie upande mmoja. Lakini mgonjwa akifariki, kazi iliyobaki ilikuwa ya Mama Shuka peke yake. Kumfumba macho. Kumfunga mdomo. Kumnyoosha viungo kabla mwili haujakakamaa. Kumwosha, kumfunga kikaratasi cha jina mguuni, kumvika shuka safi.

Kazi hii kila muuguzi hufundishwa, na kila muuguzi huifanyia mtihani. Wauguzi wote wa wodi ile waliufaulu mtihani huo. Wakapongezwa, wakapigwa picha na maua, kisha wakamwachia Mama Shuka.

Kwa nini? Waliogopa. Nalisema taratibu ili hata aliyeko jikoni alisikie. Watu wazima, wenye vyeti na watoto wanaowategemea, walimwogopa mtu aliyekufa. Mtu asiyeweza hata kumfukuza nzi puani mwake.

Wahenga walisema, kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Leo tuko kwa shujaa, kwa hiyo kilio kipo. Lakini njia ya kwenda kwa shujaa inapita mlangoni kwa mwoga, na mimi siwezi kupita bila kuchungulia.

Tuchungulie basi. Wa kwanza ni Nesi Chumvi. Mfuko wa kulia wa gauni lake la kazi ulikuwa na chumvi. Akipita karibu na kitanda cha aliyefariki, alichota kidogo na kuirusha nyuma ya bega, ili marehemu asimfuate nyumbani. Marehemu, wasikilizaji wapendwa. Aliyekuwa hawezi kufika msalani bila kushikwa mkono akiwa hai, sasa amfuate Nesi Chumvi mpaka kwake, ngazi zote zile.

Mama Shuka aliposikia habari ya chumvi hakugombana. Alisubiri Nesi Chumvi aende kula, akaimwaga chumvi, akaweka sukari. Nesi Chumvi akajikinga kwa sukari muda mrefu na hakuna maiti hata mmoja aliyemfuata. Waliomfuata ni sisimizi.

Wa pili ni Kaka Misuli. Huyu ni muuguzi mwenye shingo nene kama kinu. Mgonjwa mzito wa kuinuliwa na watu wanne, yeye humwinua peke yake huku anapiga mluzi. Lakini mgonjwa huyo huyo akikata roho, mikono ya Kaka Misuli inageuka uji. Siku moja Mama Shuka alimshawishi amsaidie kumgeuza marehemu mmoja ubavu. Wakamgeuza. Marehemu akatoa pumzi: "Aaah."

Kaka Misuli alikutwa nyuma ya jengo la kufulia nguo, amekumbatia nguzo.

"Ni hewa iliyobaki kifuani, mwanangu," Mama Shuka alimwambia. "Hata mto ukiukalia unapumua."

"Mto hausemi aaah, mama."

"Kwako wewe labda ungesema. Umeukalia na mwili wote huo."

Wa tatu ni Sista Mkuu, msimamizi wa wodi. Huyu alikuwa na vyeti vingi kuliko ukuta wa kuvitundika. Yeye hakuogopa, tafadhali tuelewane. Yeye alichukua tahadhari. Ndiye aliyepiga marufuku neno "amekufa" katika wodi ile. Mtu akifariki ilibidi useme "kitanda kimepoa". Ndiye pia aliyeamua kwamba kitanda cha dirishani kisilaliwe mpaka vingine vijae, kwa sababu kilipoa mara nyingi mno. Kumbe kilikuwa karibu na chumba cha wauguzi, na wagonjwa mahututi ndio waliolazwa hapo. Kitanda kilisingiziwa tu, maskini, kama mwanafunzi mrefu anayeadhibiwa kwa kelele za darasa zima kwa kuwa ndiye anayeonekana.

Hao ndio waliokuwa wenzake. Na kila kitanda kilipopoa, dawa ilikuwa moja. Sista Mkuu alisema bila kuinua kichwa, "Mpigieni Mama Shuka."

Walimpigia akiwa zamu, akiwa hayuko zamu, akiwa likizo. Simu yake ilikuwa na mlio wa jogoo. Aliuchagua mwenyewe, eti mlio mwingine hausikiki kwenye kelele za watu. Jogoo yule aliwika katikati ya harusi ya mpwa wake, bibi harusi akiwa mlangoni. Aliwika kwa kinyozi, kwenye mkutano wa wazazi, kwenye foleni ya maji. Mama Shuka alikuwa akisikiliza, anasema "Nakuja, msimfunike uso bado," kisha anaaga.

Nilimtembelea mdogo wake marehemu. Ni mama mmoja fundi wa kushona, mfupi, mwenye sindano mbili zimechomekwa kwenye kola muda wote. Nilimuuliza swali la kijinga, kama tunavyofundishwa kuuliza. Nilimuuliza kama dada yake alizaliwa jasiri.

"Jasiri?" akasema. "Dada yangu alikuwa analala na taa inawaka mpaka uzee wake. Ukizima, unasikia: nani kazima?"

"Kwa hiyo alikuwa anaogopa maiti?"

"Kuliko hao wote unaowacheka."

Nikamwuliza aliwezaje basi. Aliacha kukanyaga cherehani. Akanieleza habari ya mama yao.

Mama yao alifariki katika hospitali hiyo hiyo, Mama Shuka akiwa bado msichana. Wauguzi wa wakati ule nao walikuwa na hofu zao za mikosi na tahadhari zao. Kila mmoja alimsubiri mwenzake aanze. Walisubiriana kwa adabu kubwa mpaka mwili ukakakamaa. Mabinti walipoitwa kumwona mama yao, walimkuta macho wazi, mdomo wazi.

"Kama mtu anayeita na hakuna anayeitika," mdogo wake alisema. "Tulijaribu kumfunga ikashindikana. Mama yetu alizikwa na mdomo wazi. Miaka yote ukinitajia mama, siuoni uso wake alivyokuwa akicheka. Nauona huo."

Nalirudia hilo, wasikilizaji wapendwa, kwa sababu mambo yote ya leo yanasimama hapo. Mama yao alizikwa na mdomo wazi. Hakukosekana dawa wala muuguzi. Wauguzi walikuwepo, wengi tu, nyuma ya pazia, wanaogopa.

Ndiyo maana Mama Shuka akawa muuguzi. Wiki zake za kwanza alizimia, akatapika, akalia chooni. Kisha akaokota njia yake mwenyewe: aliwasemesha. Aliwasemesha marehemu kama mtu anavyosemezana na jirani msumbufu. "Haya mama, inua mkono. Huinui? Umezoea kudekezwa wewe." "Bibi, geuka kidogo, acha kujifanya mzito, jana tu ulikuwa unalalamika umekonda." Wagonjwa wa vitanda vya jirani walikuwa wakimsikia nyuma ya pazia, na wengine walicheka mpaka mishono ikauma.

"Nikinyamaza naogopa," alimwambia mdogo wake. "Nikisema, naona ni mtu tu. Na woga ni mzigo wangu. Sitamtwisha marehemu, yeye ana safari."

Hiyo ndiyo tofauti kati yake na wale wengine. Yeye alikuwa mwoga mwenye kazi ya kufanya. Wao walikuwa waoga wenye namba yake ya simu.

Sasa tufike mwisho wake.

Moyo wa Mama Shuka ulichoka. Miguu ikavimba, pumzi ikawa ya kukopa. Akalazwa katika wodi yake mwenyewe. Sista Mkuu alimpangia kitanda kizuri karibu na mlango, akakikataa. Akataka cha dirishani.

"Kile hapana, mama," Nesi Chumvi alimwambia.

"Kina nini?"

"Unajua kina nini."

"Kina upepo. Nisogezeeni vitu vyangu."

Vitu vyake vilikuwa vichache. Khanga, miwani, kikombe cha bati cha kuwekea meno yake ya bandia, na ile simu. Simu aliilaza kifuani chini ya shuka na mkono juu yake, kwa sababu alikuwa anamsubiri mdogo wake. Alikuwa amempigia akamwambia, "Njoo. Usingoje kumaliza hizo sare za shule. Njoo."

Wauguzi walipokuwa wakimzunguka, aliwatania. "Siku yangu ikifika, msinipigie simu," aliwaambia. Walicheka sana. Kaka Misuli alicheka zaidi ya wote, kisha akatoka nje akasimama peke yake kidogo.

Aliwaambia jambo jingine pia, na hili hawakulicheka. Aliwaambia habari ya mama yake. Alisema, "Mdogo wangu ameuona mdomo ule mara moja. Asiuone tena kwangu." Sista Mkuu akajibu kwamba hayo si mazungumzo ya mgonjwa, akamrekebishia mto.

Mama Shuka alifariki mchana, baada ya sahani za chakula kukusanywa. Hakuita mtu. Nesi Chumvi alipita na kipimajoto, akatazama shuka, akaona halipandi wala halishuki. Akarudi kinyumenyume mpaka ofisini.

"Kitanda cha dirishani kimepoa," alisema.

Sista Mkuu alikuwa anakoroga chai. Hakuinua kichwa. Akasema, "Mpigieni Mama Shuka."

Na Kaka Misuli akatoa simu mfukoni, akapiga.

Nawaomba msicheke bado. Huu haukuwa utani. Kwa miaka yote watu hawa walikuwa wamejizoeza jambo moja tu kuhusu kifo, na mikono yao ililifanya bila kuuliza kichwa. Kaka Misuli aliweka simu sikioni, akasubiri kwa subira, kama mtu anayengoja fundi bomba.

Jogoo akawika chini ya shuka.

Sasa chekeni, maana mimi studio hainiruhusu.

Kaka Misuli alipita juu ya toroli ya vifaa. Si kando yake, juu yake. Vibakuli vya chuma vikamwagika sakafuni na kupiga kelele mpaka wodi ya pili. Nesi Chumvi alirusha chumvi yote, safari hii chumvi kweli, kwa mara moja, nyingine ikaingia kwenye chai ya Sista Mkuu. Sista Mkuu mwenyewe, mwenye vyeti, alifunga mlango wa ofisi kwa ufunguo kutoka ndani, kwa tahadhari. Jogoo akaendelea kuwika, kwa sababu katika kukimbia kwake Kaka Misuli hakukata simu.

Wodini walibaki wagonjwa tu. Kitanda cha mkabala kilikuwa na bibi mmoja aliyevunjika nyonga, mguu umefungwa plasta na kuning'inizwa. Aliniambia mwenyewe, "Mimi niliitwa jasiri siku ile, baba. Lakini ukweli ni mguu. Ningekuwa na miguu miwili ningewapita hao."

Jogoo akanyamaza. Wauguzi wakarudi mmoja mmoja, wakasimama nje ya pazia. Na hapo, wasikilizaji wapendwa, ikaanza ile adabu kubwa. Tangulia wewe. Hapana, wewe ndiye uliyemzoea. Mimi nina mtoto mchanga nyumbani. Mimi mgongo. Tungoje zamu ya jioni, wale wamepumzika. Tuwaite wa mochari. Wa mochari huja baada ya mwili kuandaliwa, hilo walilijua, lakini walilisema.

Mama Shuka amelala nyuma ya pazia, mdomo wazi. Amefundisha wodi nzima, na wodi nzima iko nje inasubiriana. Ni yale yale ya mama yake.

Kisha jogoo akawika tena.

Kaka Misuli akainua mikono yote miwili. "Si mimi. Simu yangu hii hapa."

"Basi nani anapiga?"

Jogoo akawika. Bibi wa plasta akasema kutoka kitandani kwake, "Nesi, jogoo analia."

"Nimemsikia, bibi."

"Basi mchinje au mpokee."

Nesi Chumvi aliniambia hajui miguu yake ilimpelekaje. Alijikuta ndani ya pazia. Alifunua shuka upande mmoja. Ili kuichukua simu ilibidi auinue mkono wa Mama Shuka. Alitegemea barafu. Mkono ulikuwa na vuguvugu, na ngozi ilikuwa ile ile aliyoshikana nayo kila asubuhi. Kwenye kioo cha simu paliandikwa "Mdogo wangu".

Akapokea.

"Dada, nimeshashuka kwenye basi," sauti ikasema. "Nakuja kwa miguu, magari yamesongamana. Nimekuletea machungwa. Dada?"

Nesi Chumvi akahema kwenye simu.

"Dada, mbona unapumua hivyo?"

"Si dada yako, mama. Ni nesi."

Upande wa pili zikasikika honi, na mtu akinadi soksi.

"Mdomo umefungwa?" mdogo wake akauliza.

Hakuuliza saa ngapi. Hakuuliza imekuwaje. Aliuliza hilo tu: mdomo umefungwa?

Nesi Chumvi akamtazama marehemu usoni. Katika kazi yake yote hakuwahi kufanya hivyo. Aliwatazama miguuni, au ukutani. Sasa alitazama. Macho nusu. Mashavu yamebonyea kwa kukosa meno. Mdomo wazi, kama mtu anayeita.

"Umefungwa, mama," alisema.

"Asante, mwanangu. Nakuja."

Huo ulikuwa uongo. Mimi nimekaa bwenini, na uongo naujua kwa aina zake. Upo wa tumbo kuuma siku ya hesabu. Upo wa nani kamwaga maji kitandani kwa kiranja, ambao sitauzungumzia kwa sababu uchunguzi haujafungwa. Uongo mwingi ukishasemwa unakaa pale ulipo. Lakini huu wa Nesi Chumvi ulikuwa na mtu aliyeuamini, na mtu huyo alikuwa anatembea kuja hospitali, amebeba machungwa.

"Kaka," Nesi Chumvi akaita. "Njoo."

"Siji."

"Njoo ushike kidevu."

"Kidevu cha nani?"

"Cha shangazi yako. Cha nani mwingine? Mdogo wake anakuja, nimemwambia umefungwa."

"Sasa kwa nini ulimwambia hivyo?"

"Ungemwambia nini wewe?"

Kaka Misuli aliingia ubavuubavu, uso ameugeuzia dirishani. Macho ameyafumba. Akanyoosha mkono, akapapasa hewani, Nesi Chumvi akamwongoza mpaka kidevuni.

"Nimefumba macho," akasema.

"Fumba, lakini usilegeze."

Alisukuma kidevu juu, Nesi Chumvi akazungusha bendeji chini ya taya na kuipandisha utosini. Walikuwa wanakaribia kufunga fundo, ndipo bibi wa plasta akasema, "Na meno?"

"Meno gani?"

"Kwenye kikombe hapo. Mtamfunga kibogoyo?"

Ikabidi waanze upya. Kaka Misuli alitumwa kikombe. Alifumbua jicho moja, akachungulia, akarudi nyuma.

"Yanacheka," alisema.

"Yalete yanavyocheka."

Nami nakiri kwamba hapo dharau yangu ilikwama kidogo kooni. Kwa sababu aliyaleta. Jasho linamtiririka kwenye shingo ile ya kinu, meno yanagongana kikombeni, lakini aliyaleta, na Nesi Chumvi akayaweka. Na wakati anayaweka akaanza kusema. Hakupanga. Alisema, "Haya mama, fungua kidogo. Mimi naogopa, wewe unajua naogopa, kwa hiyo usinichezee." Kaka Misuli naye akaitikia, "Ndiyo mama, leo usituchezee."

Wakamfumba macho kwa pamba yenye maji. Wakamnyoosha mikono. Wakaleta beseni, wakamwosha. Kisha wakamgeuza ubavu, Kaka Misuli ameshika mgongo.

"Aaah," akasema Mama Shuka.

Wodi nzima ilimtazama Kaka Misuli. Bibi wa plasta alisogeza meza yake ndogo ili kumpisha njia.

Kaka Misuli hakukimbia. Nilimuuliza kwa nini, nikitumaini atasema neno la maana la kuwasomea hapa. Akasema, "Ningemwachia angeanguka." Basi. Siku ile alisimama pale pale, akasema kwa sauti ndogo, "Sawa mama, tumekusikia."

Na Sista Mkuu? Asisahaulike. Mashuka mapya yalikuwa ofisini kwake. Walipogonga, mlango ulifunguka upenyo wa kupitisha paka, na shuka likatolewa nje kwenye ncha ya fagio. Mlango ukafungwa. Ufunguo ukageuka. Kwa heshima zote, wasikilizaji wapendwa, hilo lilikuwa shuka zuri.

Mdogo wake alifika na mfuko wa machungwa. Akaingia ndani ya pazia. Nesi Chumvi na Kaka Misuli wakasimama upande mmoja kama wanafunzi wanaosubiri kusahihishiwa.

Macho yalikuwa yamefumbwa, pamba moja imeangukia shavuni. Fundo la bendeji lilikuwa utosini, limeachwa na masikio mawili marefu kama ya sungura. Kikaratasi cha jina kilikuwa kimefungwa mguu wa kulia na kingine mguu wa kushoto, asije akapotea nusu. Mdomo ulikuwa umefungwa. Umepinda kidogo upande wa kushoto, kama mtu anayezuia kicheko, lakini umefungwa.

Mdogo wake alimtazama sana.

"Dada," alisema, "wamekufunga kama mzigo wa kwenda sokoni." Akalishika lile fundo, akalilaza vizuri kwa vidole vya mshonaji. Akaweka kiganja kwenye shavu la dada yake. Kisha akacheka, na kilio kikaja kikamkuta katikati ya kicheko.

Alipotulia aliwapa wauguzi machungwa. Nesi Chumvi akaanza kulia, akasema, "Mama, niliposema kwenye simu, ilikuwa bado."

"Najua."

"Ulijuaje?"

"Unajua kudanganya wewe? Sauti inatetemeka kama cherehani bovu." Akamenya chungwa. "Nilikaa kwenye benchi la getini. Nilikula mawili. Niliwapa muda."

Fikirini juu ya mwanamke yule kwenye benchi lile. Anajua dada yake amefariki. Anajua mdomo uko wazi. Anajua pia kwamba akikimbia, atauona tena. Kwa hiyo anakaa, anamenya machungwa taratibu, anawangoja waoga wamalize kuogopa.

Mama Shuka amezikwa na mdomo umefungwa.

Simu aliichukua mdogo wake. Alitaka kuifunga laini. Lakini haikupita wiki, akiwa kwenye cherehani, jogoo akawika. Akapokea.

"Mama Shuka, kitanda kimepoa," sauti ikasema, kisha ikanyamaza kwa aibu ilipokumbuka.

"Mdomo umefungwa?" fundi akauliza.

"Bado, mama."

"Basi mnanipigia nini?"

Akakata. Baada ya muda jogoo akawika tena. "Umefungwa, mama." "Na macho?" "Yamefumbwa." "Haya. Mungu ampokee." Akaendelea na sare zake.

Na mpaka leo wanampigia. Yeye hajui uuguzi hata kidogo. Anajua swali moja. Anaichaji simu ile kila asubuhi kabla ya kuwasha pasi. Nesi Chumvi bado anatembea na chumvi. Kaka Misuli bado anafumba jicho moja. Sista Mkuu bado ana fagio. Sijawaambia kwamba wamepona. Nimewaambia wanafanya kazi.

Kwa niaba ya kituo hiki natoa pole kwa mdogo wake marehemu, kwa mpwa wake aliyeachwa mlangoni siku ya harusi na hakununa, na kwa jamaa wote. Pole kwa bibi wa plasta, aliyempoteza jirani na burudani. Pole kwa wauguzi wa wodi ya wanawake. Hamkustahili kuwa naye, na mmejitahidi.

Na nyinyi wasikilizaji wapendwa, kabla hamjageukia muziki, wakumbukeni mmoja baada ya mwingine wale watu mnaowategemea siku yenu ikifika. Yule mnayemwita rafiki, yule mnayelala naye chumba kimoja. Je, ataingia ndani ya pazia, au atapiga simu? Na wewe je, ukiitwa, utakuja au utakohoa?

Mwenzangu pale koridoni amemaliza soda, na ananipungia mkono kupitia kioo kuuliza kama habari za maiti zimekwisha. Zimekwisha, kaka. Ingia tu. Lakini siku yako ikifika, ujue utahitaji watu wawili wenye nguvu na bendeji ndefu, maana mdomo wa mtangazaji si kazi ndogo.

Wangu naufunga mwenyewe, sasa hivi, wakati bado naweza.